Ombi la Kumpumzisha Herode

Risala ya kikundi cha maigizo ya Noeli kwa Baba Askofu, Jumapili ya Kristo Mfalme

Mgeni rasmi, Baba yetu Askofu, Padre wetu, wazazi na watoto, na nyinyi mliokosa nafasi mkasimama dirishani:

Leo asubuhi, giza likiwa bado halijaondoka, katika nyumba ya fundi cherehani wa mtaa huu kulisikika kijiko kikigonga ukingo wa kikombe. Ting, ting, kimya. Halafu tena, ting, ting. Fundi alikuwa anakoroga maziwa ya mjukuu wake, na kila akikoroga anagonga, ili mtoto asikie kule chumbani aje mwenyewe bila kuitwa. Mtoto alikuja. Alichofanya alipofika tutakieleza huko mbele, maana si vizuri kumpakulia mgeni mambo ya nyumbani kabla hajakaribishwa.

KARIBU

Karibu sana, Baba. Tumefurahi hadi tumechoka. Madirisha yote yamefutwa, ya upande wa barabarani yamefutwa zaidi. Kwaya imefanya mazoezi mpaka mpiga kinanda ameacha kusalimia watu. Watoto wameonywa wasiulize kofia yako imesimamaje bila mti ndani.

Tunaomba radhi kwa jambo moja. Ulipoingia uliwapa watoto mkono mmoja mmoja, na ulipofika kwa yule mdogo wa benchi la mbele, mwenye gauni la kijani, akaingia chini ya benchi akabaki huko. Wewe uliinama ukamwambia, "Haya mama, tutaonana ukitoka." Tuliliona hilo na tunakushukuru. Wageni wengine wangemvuta mguu. Mtoto yule hana kiburi. Sababu yake imo humu humu ndani ya risala.

Anayeisoma ni katibu wa kikundi. Ni bibi wa mtoto huyo, na pia ni mke wa Fundi tangu zamani sana. Lakini akishika karatasi mbele ya kipaza sauti si mke wa mtu, ni katibu. Kila neno, isipokuwa yaliyotokea tangu ulipoingia, limepitishwa na kikundi leo asubuhi kwa kunyoosha mikono, Fundi mwenyewe akiwa ametumwa kununua uzi mweupe ambao haukuhitajika. Ndiyo maana sasa hivi anageuka geuka kama aliyekalia sindano. Fundi, tulia. Hakuna baya.

HISTORIA YETU

Kikundi hiki kilianzishwa na Padre wa zamani, yule mrefu, aliyezoea kuinama kila mlangoni hata mlango ukiwa mkubwa. Aliona jinsi tunavyoingia Majilio, yale majuma ya kuingojea Noeli. Huyu anapaka rangi ukuta, huyu anagombana na fundi cherehani kuhusu mikono ya gauni, yule anahesabu wageni wa kuwakwepa. Akatuambia akiwa amesimama hapo ulipo wewe:

"Wanangu, mnamwandalia Mfalme pazia jipya. Lakini akibisha hodi mwenyewe, mtachungulia mseme hamumjui."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema mwaka huo tutaigiza kuzaliwa kwa Bwana, na kwamba kila atakayepewa nafasi ataiishi nyumbani kwake Majilio yote, kabla ya kuvaa nguo yoyote ya maigizo. Huo ndio utaratibu wetu mpaka leo, nasi hatujausikia kwingine.

Anayeigiza Maria haruhusiwi kusema "subiri kidogo" akiombwa jambo na watu wa nyumbani. Malaika lazima kila siku amtafute mtu mwenye hofu amwambie "usiogope", na akae naye mpaka hofu ipungue. Mwenye nyumba ya wageni, yule anayemfungia mlango Maria, hatakiwi kumrudisha mtu yeyote anayebisha kwake. Na Yosefu, kwa kuwa katika Injili hatusikii akisema hata neno moja, hufanya anachotakiwa kufanya bila kujibizana. Wake wengi wa mtaa huu huanza kuwaombea waume zao nafasi ya Yosefu tangu mwezi wa nane.

Sasa, mwaka ule wa kwanza nafasi zote ziligawanywa ikabaki moja. Padre akauliza, "Herode nani?" Kanisa zima likaangalia viatu. Fundi wakati huo alikuwa kijana, ndiyo kwanza amefungua banda lake, na sauti yake ilikuwa hii hii, ya mtu anayeuliza kama vifungo viwe vinne au vitano. Akasema:

"Basi nipeni mimi. Tusikae tukitazamana, watoto wanatuona."

Akaenda kujifunza kufoka. Alifokea nguo zilizotundikwa bandani. Mteja mmoja aliyefika kuchukua suruali alisikia kutoka nje, "Nileteeni huyo mtoto!" akaondoka mbio, na suruali ile ilikaa pale hadi mwenyewe akanenepa.

Padre wa zamani alifikiri sana Herode ataishije Majilio, maana hatuwezi kumwambia mtu akawe mkatili nyumbani. Mwisho akampa swali moja. Alimwambia, "Herode alikuwa na jumba na askari, na bado aliogopa kunyang'anywa. Wewe kila jioni jiulize: leo nimeogopa kunyang'anywa nini? Ukikipata, kitoe."

Pia akamwekea sharti. Herode akimaliza maneno yake atoke kwa mlango wa sakristia, akae ngazini nje. Asifike kwenye hori alimolazwa Mtoto, kwa kuwa Herode hakwenda.

Fundi amelishika sharti hilo miaka yote hii.

MAFANIKIO

Tumefanikiwa mengi, Baba. Tutataja yale yanayoweza kusemwa kanisani.

Shemeji wawili wa mtaa wa nyuma walikuwa hawasemezani kwa sababu ya ukuta. Tukawapa punda, mmoja mbele mmoja nyuma, chini ya gunia moja. Siku ya kwanza wa mbele alikwenda kushoto, wa nyuma kulia, punda akachanika katikati. Siku ya pili tukasikia ndani ya gunia, "Wewe shemeji, ungesema basi unakokwenda." "Nikuambie nini, si unafuata tu?" "Nafuata nini, naona mgongo wako!" Wakacheka humo humo gizani. Tangu hapo wanasemezana, na ukuta bado upo, ila wameutoboa mlango.

Mwenye nyumba ya wageni mwaka mmoja alikuwa mama anayeuza vyombo sokoni, mtu mkali. Alibishiwa hodi na wifi yake aliyekuja kukaa siku mbili, akakaa mpaka Pasaka. Mama huyo alitulalamikia sisi, alimlalamikia Padre, alimlalamikia hata mwuza maji. Lakini wifi hakurudishwa, na mama huyo alipougua, wifi ndiye aliyemwogesha.

Na Fundi? Yeye hatangazi. Haya tumeyaokota kwa mkewe, naye ameyasema kwa shida. Jioni moja ya Majilio alikaa kitandani akasema, "Leo nimeogopa kunyang'anywa wateja na yule kijana wa cherehani ng'ambo ya barabara." Kesho yake mama mmoja alikuja na sare za shule za watoto wake wote. Fundi akamwambia, "Peleka kwa yule kijana, ana mkono mzuri kwenye kola." Mama akadhani Fundi ni mgonjwa, akamletea dawa.

Jioni nyingine alisema, "Leo nimeogopa kunyang'anywa kipande cha mwisho cha mkate." Mkewe akamwambia, "Basi kitoe." Akajibu, "Nimeshakila. Ndiyo nasema." Yaani hafaulu kila siku. Lakini kwa kulishwa swali hilo kila Majilio, huyu tunayemwita Herode amekuwa mtu mpole kuliko sote, na sisi tunaopewa malaika tumebaki tulivyokuwa.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni wafalme. Kila mtu anataka kuwa mmoja wa wale wenye zawadi kutoka mashariki. Mwaka huu tulipokutana kugawana nafasi walijitokeza wafalme benchi zima, na mchungaji wa kondoo hata mmoja hakuna. Mwuza nyama alisema:

"Mimi nitazameni. Nina mwili wa kifalme."

"Una mwili wa ngamia," akajibu dereva mstaafu, "na ngamia naye anahitajika."

"Wewe kaa kimya, mwaka jana ulibeba uvumba ukapiga chafya juu ya mtoto."

Ilibidi Padre agonge meza. Ndipo akauliza tena lile la zamani, "Na Herode?" Kanisa likaangalia viatu. Mwuza nyama akasema, "Herode si yupo? Fundi ameshazoea." Wote tukaitikia, ameshazoea, ameshazoea. Na Fundi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupima mabega ya wafalme.

Hapo ndipo tulipokosea, Baba, na tunasema mbele yako kwamba tumekosea. Tulimwona mtu amebeba mzigo hasemi kitu, tukaamua ni mwepesi.

Changamoto ya pili ndiye yule aliye chini ya benchi. Mama yake yuko masomoni mbali, kwa hiyo tangu mwaka jana anaishi kwa babu na bibi yake. Alifika siku chache kabla ya maigizo. Alikuwa bado hajamzoea babu. Akaletwa hapa kanisani, akakaa mbele, na mara ya kwanza kumsikia babu yake akipaza sauti ilikuwa anaamuru watoto wauawe.

Alilia mpaka taa zikawashwa.

Tumemweleza sana. Tulimwambia ni maigizo. Akauliza, "Kwa nini sasa kiti chake kiko nyumbani?" Na ni kweli kiko. Stoo ya kanisa inavuja, hivyo kiti cha enzi cha Herode hukaa sebuleni kwa Fundi mwaka mzima, chini ya shuka. Na hapa tuseme jambo tulilotaka kulificha. Kiti cha wageni wa kanisa kilivunjika mguu juzi. Kiti unachokalia sasa, Baba, chenye mito myekundu na simba wa kuchonga, ndicho hicho. Usisimame. Kimekazwa misumari. Lakini sasa unaelewa kwa nini mtoto hakukupa mkono. Alikuona unakijongelea, akajua unakwenda kufanya nini.

Tangu wakati huo mtoto anacheza na paka, anacheza na bibi, anacheza na uzi wa bandani, ila kwa babu yake haendi. Fundi hamlazimishi. Amemshonea mwanasesere, akamwacha mlangoni mwa chumba kama aliyeangushwa na mtu mwingine. Mtoto analala naye na hajui ametoka wapi.

Leo alfajiri aliposikia kijiko alikuja mbio, miguu pekupeku. Akafika mlangoni mwa jikoni, akaona ni nani. Akasema:

"Bibi yuko wapi?"

"Bibi anavaa," Fundi akajibu. "Maziwa haya ni yako. Nimeweka sukari."

"Nataka Bibi anipe."

Fundi akaangalia kikombe. Kisha akakiweka chini sakafuni, taratibu, akarudi nyuma hatua baada ya hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta, akageuza uso upande wa dirisha. Mtoto akaja, akachuchumaa, akanywa yote akimwangalia. Fundi hakugeuka mpaka aliposikia miguu inarudi chumbani. Ndipo akaokota kikombe akakiosha.

Mkewe alikuwa nyuma ya pazia ameyaona yote. Akamwuliza, "Mwenzangu, unawaza nini?" Akasema, "Hamna." Halafu, akifuta kikombe ambacho kilishakauka, akauliza, "Hivi zile nguo za mtoto wa horini, wanamviringishia kuanzia miguuni au kichwani?"

Baba Askofu, nguo hizo alizishona yeye, mwaka ule wa kwanza. Kila Noeli huzifua, huzipiga pasi, huzikunja na kuzikabidhi. Halafu huvaa taji, hufoka, hutoka ngazini. Hajawahi kuona zikivalishwa. Sisi hatukuwahi kulifikiria hilo hata siku moja, na nguo tulikuwa nazo mkononi.

MAFUNDISHO TULIYOYAPATA

Sehemu hii haikuwepo kwenye rasimu. Iliongezwa na mama mwuza vyombo, aliyesema hatuwezi kwenda moja kwa moja kwenye ombi kama watu wa kudai. Atakayecheka azungumze naye sokoni.

Leo ni Kristo Mfalme, na juma lijalo tunaanza Majilio. Tumejiuliza tofauti ya wafalme wawili wa habari hii. Mmoja alikuwa na kila kitu, akamwogopa mtoto mchanga. Mwingine hakuwa hata na kitanda, na watu waliotoka kulala porini na mifugo walimwendea bila kuogopa wala kuoga. Tukaona kwamba Mfalme wetu alijifanya mdogo hivyo kwa makusudi, ili mtu yeyote aweze kusogea. Kama angekuja na ukubwa wake wote, sote tungekuwa chini ya benchi.

Kwa hiyo kujiandaa kwa Noeli, kwa sisi wa kikundi hiki, ni kila mtu kujiangalia ni nani anamwogopa, na kushuka kidogo, na kidogo tena, mpaka yule mtu aweze kusogea. Fundi ameshuka hadi amegota ukutani. Hana tena pa kushukia. Kilichobaki ni sisi kumvua taji.

OMBI LETU

Baba, tulikuwa na maombi mengi. Paa la stoo, kipaza sauti kisichokoroma, mguu wa kiti. Padre alitushauri tuchague moja. Yote hayo tumeyafuta, ingawa ukitazama juu upande wa kushoto utaliona paa lenyewe.

Tunaomba kwamba Jumapili ya mwisho ya Majilio, jioni, uje utuigizie Herode.

Hapa Fundi atasimama aseme, "Baba, usiwasikilize hawa." Tumeshalijadili. Fundi, kaa.

Tulijaribu kwanza wenyewe kwa wenyewe. Mwuza nyama alisema yeye kisu anacho tayari mkononi kila siku, akiongezewa na Herode hatauza hata mfupa. Dereva mstaafu alikuwa tayari, mkewe akakataa, akasema nafasi hiyo ameiona nyumbani inatosha. Mpiga kinanda hasemi na mtu. Ndipo mmoja wetu akasema, "Tumwombe mtu ambaye hata akivaa taji la Herode, hakuna atakayedhani ni lake." Mikono yote ikanyooka.

Maneno ni machache na tumeyaandika kwa herufi kubwa. Sauti unayo. Kiti, kama ulivyoona, kinakukubali. Utafoka kwa kiasi, maana mtoto atakuwepo. Kisha tunaomba ufanye jambo lisilo kwenye Injili: kabla ya kutoka, ulivue taji mbele yake, ulishike mkononi, alione ni karatasi ngumu na gundi. Akishaona limehama kichwa kimoja hadi kingine, atajua halikuota kwa babu yake.

Utatakiwa pia kuliishi lile swali kwa Majilio yote. Tunaogopa kidogo kumwambia Askofu hivyo. Lakini Fundi huwa anasema si gumu sana isipokuwa siku za mkate.

Yeye mwaka huu tumempa mchungaji wa kondoo, yule anayetangulia kufika. Hana neno la kusema. Ataingia na kondoo wa kitambaa begani, ataenda mpaka kwenye hori, atapiga magoti hapo, na hatutamwambia aondoke. Mtoto akitaka kumfuata, kuna nafasi kwenye majani. Asipotaka, atakuwa amemwona babu yake mahali pengine, na tutajaribu tena.

Kuhusu ngazini nje, usihofu upweke. Kuna mtu ambaye miaka yote hii, Herode akitoka, humfuata na birika la chai, wakakaa wawili wakisikiliza nyimbo kupitia ukutani. Kikundi hakikujua mpaka juzi. Tulikuwa tukimtafuta katibu wetu akunje mapazia, tukidhani amewahi nyumbani. Kumbe naye hajawahi kuliona hori. Mwaka huu tumempangia kukaa benchi la mbele, na ameandika sentensi hii kwa kulazimishwa. Chai utaletewa na Padre, ambaye atakaa nawe hadi mwisho. Padre anayasikia haya sasa kwa mara ya kwanza, nasi tunamshukuru mapema.

Mungu akupe Majilio ya utulivu, Baba. Akupe sauti, akupe magoti yasiyouma, akupe na dereva atakayekubali kurudi kwenye barabara yetu. Ukisema ndiyo tutakuvalisha. Ukisema hapana tutakuelewa, tutakuwekea nafasi kati ya wachungaji, kwa sababu huko ndiko watu wamepungua.

Ila kwa vyovyote, rudi. Kabla misa haijaanza, katibu alimnong'oneza mtoto kule chini ya benchi kwamba mgeni ataombwa kitu na huenda akakataa. Mtoto akasema, "Mwambie aje tena tu, nitakuwa nimeshatoka."

Ni sisi watoto wako,
Kikundi cha Maigizo ya Noeli: malaika, wafalme kupita kiasi, punda wote wawili, na wachungaji waliopatikana.